Leonard Cheshire: Rubani wa mabomu aliyeanza na mgonjwa mmoja

Watu wa Limuru nchini Kenya, na wale wanaoishi jirani na Katalemwa nje kidogo ya jiji la Kampala, wamezoea kulisikia jina Cheshire. Kwao ni jina la mahali. Ni pale binti mwenye ulemavu anapofundishwa kazi ya kumpatia riziki, au pale mzazi anapompeleka mtoto aliyezaliwa na miguu iliyopinda ili apatiwe matibabu na vifaa vya kumsaidia kutembea. Wachache wanajua kwamba Cheshire lilikuwa jina la mtu.

Mtu huyo alikuwa Mwingereza, rubani wa ndege za mabomu katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia, aliyepewa nishani kubwa kuliko zote za ushujaa nchini mwake. Alishuhudia kwa macho yake bomu la atomiki likilipuka Nagasaki. Baada ya vita alishindwa biashara, akaingia madeni, akabaki na nyumba kubwa tupu. Ndipo mgonjwa mmoja asiye na pa kwenda alipobadilisha maisha yake yote. Hii ni habari ya maisha ya Leonard Cheshire: askari, mume, baba, muumini wa Kanisa Katoliki, na mtu aliyejitolea kwa wagonjwa kwa zaidi ya miaka 40.

Mtoto wa profesa

Leonard Cheshire alizaliwa tarehe 7 Septemba 1917 katika mji wa Chester, kaskazini magharibi mwa Uingereza. Baba yake alikuwa profesa wa sheria katika Chuo Kikuu cha Oxford, ambaye vitabu vyake vilisomwa na wanafunzi wa sheria wa vizazi vingi. Leonard na mdogo wake Christopher walikulia karibu na Oxford, katika nyumba yenye vitabu, nidhamu na kipato cha kutosha.

Alipoingia Oxford kusoma sheria hakuwa mwanafunzi wa kupigiwa mfano. Alipenda magari ya kasi, starehe, na kuzungumzwa na watu. Dini haikumshughulisha. Lakini chuoni hapo kulikuwa na kikosi cha kuwafundisha wanafunzi kurusha ndege, naye akajiunga. Huko ndiko alikogundua kipaji chake. Vita vilipozuka Septemba 1939, kijana huyu wa miaka 21 alikuwa tayari rubani, na aliingia moja kwa moja katika Jeshi la Anga la Uingereza.

Kazi ya usiku

Katika kiangazi cha mwaka 1940 alipelekwa kwenye kikosi cha ndege za mabomu. Kazi yenyewe ilifanyika usiku. Ndege ziliondoka Uingereza jioni, zikavuka bahari hadi Ujerumani, zikaangusha mabomu katikati ya mizinga ya kutungulia ndege, kisha zikarudi alfajiri kama zimebahatika. Wengi hawakurudi. Kati ya watu wapatao 125,000 waliohudumu katika ndege za mabomu za Uingereza, zaidi ya 55,000 walikufa kabla vita havijaisha.

Novemba 1940 Cheshire alikuwa akielekea mji wa Cologne wakati ndege yake ilipopigwa. Mlipuko ulitokea ndani ya ndege, ukatoboa ubavu wake na kuwasha moto. Mwenzake mmoja aliungua vibaya. Wakiwa wameuzima moto, waliendelea na safari, wakaangusha mabomu yao, kisha wakairudisha ndege nyumbani kwa saa nyingi huku upepo ukipenya kwenye tundu kubwa la ubavuni. Kwa tukio hilo alipewa nishani, na jina lake likaanza kuvuma. Mdogo wake Christopher, ambaye naye alikuwa rubani wa mabomu, hakuwa na bahati kama hiyo. Ndege yake ilitunguliwa, akakaa mateka wa Wajerumani hadi mwisho wa vita.

Mwaka 1941 Cheshire alikwenda Marekani, na huko akamwoa mwigizaji wa filamu wa Kimarekani. Ndoa hiyo ya haraka ya wakati wa vita haikudumu. Baada ya vita ilivunjika.

Mwaka 1942 alipewa kuongoza kikosi. Waliofanya kazi chini yake walimkumbuka kwa jambo moja hasa. Alijitahidi kujua jina la kila mtu kikosini, si la marubani tu, bali pia la mafundi waliotengeneza ndege kwenye baridi usiku kucha. Mwaka uliofuata, akiwa na miaka 25, alipandishwa cheo na kupewa kambi nzima, jambo lisilo la kawaida kwa umri ule. Lakini kambi ilikuwa kazi ya ofisi. Aliomba arudi angani, hata kama ingebidi ashushwe cheo. Maombi yake yalikubaliwa, na mwisho wa mwaka 1943 alipewa kuongoza Kikosi namba 617, kikosi maarufu kilichokuwa kimebomoa mabwawa ya Ujerumani miezi michache kabla.

Usiku wa Limoges

Tatizo kubwa la mabomu ya wakati ule lilikuwa kukosa shabaha. Ndege ziliruka juu sana kukwepa mizinga, kulikuwa na giza, na mabomu mengi yaliangukia mashamba au nyumba za raia. Cheshire alitaka kulitatua tatizo hilo kwa njia ya hatari: kiongozi ashuke chini kabisa, juu kidogo ya mapaa, aweke alama za moto mahali penyewe, halafu wenzake walio juu walenge moto huo.

Nafasi ya kujaribu njia hiyo ilikuja tarehe 8 Februari 1944, katika mji wa Limoges nchini Ufaransa. Hapo palikuwa na kiwanda cha injini za ndege kilichowatumikia Wajerumani waliokuwa wameikalia nchi. Ugumu ni kwamba wafanyakazi wa zamu ya usiku walikuwa mamia ya wanawake wa Kifaransa, raia wa nchi rafiki, na nyumba zao zilikuwa jirani. Cheshire aliiteremsha ndege yake kubwa ya injini nne, akapita juu ya kiwanda mara tatu kwa kishindo bila kuangusha kitu. Wanawake walielewa. Walitoka mbio kwenda kujificha. Alipopita mara ya nne ndipo alipoweka alama zake, na ndege za wenzake zikakiharibu kiwanda.

Usiku huo unaeleza mengi juu yake. Aliamini kwamba vita vile lazima vishindwe na upande wa Hitler, na hakusita kufanya kazi aliyotumwa. Wakati huohuo aliona watu waliokuwa chini ya ndege yake, na akatumia usalama wake mwenyewe kuwanunulia dakika chache za kukimbia.

Baadaye alianza kutumia ndege ndogo zenye kasi kwa kazi hiyo ya kuweka alama. Juni 1944 aliletewa ndege ya Kimarekani aina ya Mustang, ambayo hakuwa ameirusha hata siku moja. Aliirusha kwa mara ya kwanza siku hiyohiyo ilipofika, kwenda vitani.

Alipofikisha safari mia moja za mapigano, wakubwa wake walimwondoa angani. Septemba 1944 alitangazwa kupewa Msalaba wa Victoria, nishani ya juu kabisa ya ushujaa ya Uingereza. Kwa kawaida nishani hiyo hutolewa kwa tendo moja la ushujaa. Yeye aliipata kwa miaka minne ya kurudia hatari ileile usiku baada ya usiku.

Alichokiona Nagasaki

Mwaka 1945 serikali ya Uingereza ilimchagua, pamoja na mwanasayansi William Penney, kuwa mashahidi wake wakati Marekani itakapotumia bomu la atomiki. Tarehe 9 Agosti 1945 wote wawili walikuwa ndani ya ndege ya Kimarekani iliyokuwa isindikize ile iliyobeba bomu. Ndege zao zilipotezana njiani, kwa hiyo Cheshire aliliona bomu likilipuka kutoka mbali. Hata hivyo aliona wingu lake likipanda juu ya Nagasaki, mji ambao makumi ya maelfu ya watu wake walikufa.

Bomu hilo lililipuka juu ya mtaa wa Urakami, kitovu cha Ukatoliki nchini Japani, na kanisa kuu la mtaa huo likabomoka. Cheshire wakati huo hakuwa Mkatoliki.

Watu wengi wamesimulia kwamba Nagasaki ndiko alikoanza kujuta, na kwamba kazi yake ya baadaye ilikuwa ya kulipia dhambi. Hadithi hiyo inavutia, lakini si alivyoeleza mwenyewe. Hadi kifo chake alishikilia kwamba bomu lile lilimaliza vita na hivyo kuokoa maisha ya wengi ambao wangeendelea kufa. Wapo waliopingana naye vikali, na mjadala huo bado haujaisha duniani. Kilichobaki moyoni mwake kilikuwa swali jingine: kama nchi zinaweza kutoa fedha, akili na vijana wake wote kwa ajili ya vita, kwa nini zisitoe hata sehemu ndogo ya hivyo kwa ajili ya amani?

Nyumba kubwa na madeni

Aliondoka jeshini mwaka 1946. Kama askari wengi wanaorudi kutoka vitani, hakujua la kufanya na maisha ya kawaida. Alikuwa mgonjwa na mwenye mawazo mengi. Hata hivyo alikuwa na ndoto moja: askari waliomaliza vita waishi pamoja na familia zao kama kambi ya kijeshi ya wakati wa amani, walime, wafanye biashara ndogondogo na kusaidiana.

Watu walijiunga, na jumuiya ikahamia katika nyumba kubwa ya zamani iitwayo Le Court, katika mkoa wa Hampshire kusini mwa Uingereza, iliyokuwa mali ya ndugu wa familia yake. Lakini ndoto haikudumu. Watu waligombana, miradi haikulipa, na wengine walikuja kwa ajili ya kupata makao tu. Jumuiya ilivunjika na kumwachia Cheshire madeni. Ilimbidi auze sehemu ya mali ili alipe. Shujaa aliyeandikwa magazetini alikuwa amefilisika akiwa na miaka 30.

Arthur Dykes

Mwaka 1948 hospitali moja ilimtafuta. Walikuwa na mgonjwa aitwaye Arthur Dykes, mtu aliyewahi kutumikia Jeshi la Anga na kuishi katika ile jumuiya iliyovunjika. Alikuwa na saratani isiyotibika. Hospitali haikuwa na la kumfanyia tena na ilihitaji kitanda chake. Je, Cheshire angeweza kumtafutia mahali?

Hapa inafaa kueleza hali ilivyokuwa. Mwezi Julai mwaka huohuo Uingereza ilianzisha mfumo wa taifa wa kutoa matibabu bila malipo. Ulikuwa msaada mkubwa kwa maskini. Lakini hospitali zilijengwa kwa ajili ya wagonjwa wanaoweza kupona na kurudi nyumbani. Mtu ambaye hatapona na ambaye hakuwa na ndugu wa kumtunza hakuwa na mahali pake. Vijana wenye ulemavu mkubwa waliwekwa katika wodi za wazee wanaosubiri kufa.

Cheshire alitafuta kila mahali, akakosa. Alikwenda kwa Arthur akamweleza ukweli ambao hakuna aliyekuwa amemwambia: kwamba anakufa. Arthur aliupokea kwa utulivu, kwa kuwa kutokujua kulikuwa kumemsumbua zaidi. Kisha Cheshire akamchukua kwenda naye Le Court.

Hakuwa na fedha, wala muuguzi, wala ujuzi wowote wa kuuguza. Alijifunza kwa kufanya. Alimwogesha, akambadilishia mashuka, akamlisha, akamwinua usiku alipohitaji kwenda haja. Mtu aliyewahi kuamuru mamia ya askari sasa alikuwa akimwaga maji machafu ya mgonjwa mmoja. Kazi hiyo haikuwa na nishani, na hakuna gazeti lililoandika habari zake.

Arthur alikuwa Mkatoliki. Wawili hao walizungumza mengi katika wiki zile. Mgonjwa alisali kwa imani isiyo na makuu, na mwuguzaji wake, ambaye alikuwa amebatizwa Kianglikana lakini hakuwa na dini ya kushika, alianza kujiuliza. Arthur alifariki Agosti 1948. Usiku ule Cheshire alikesha karibu na maiti, akisoma kitabu cha mhubiri wa Kianglikana aliyehamia Kanisa Katoliki. Baada ya hapo alianza mafundisho kwa padri, na tarehe 24 Desemba 1948, mkesha wa Noeli, akapokelewa katika Kanisa Katoliki. Tangu hapo Misa na sala vilikuwa mhimili wa siku yake hadi mwisho.

Kabla Arthur hajafa, mgonjwa wa pili alikuwa tayari amefika Le Court, bibi kizee wa zaidi ya miaka 90 asiyeweza kutoka kitandani. Habari zilikuwa zimesambaa kwamba ipo nyumba isiyomfukuza mtu. Wakaja wengine, na wengine.

Nyumba bila fedha

Kazi hiyo iliendaje bila fedha? Iliendeshwa kama watu wetu wanavyoendesha msiba au harusi: kila mtu alileta alichonacho. Jirani alileta kitanda, mwingine mablanketi, fundi akaziba paa linalovuja siku ya Jumamosi. Wanawake wa kijijini walikuja kufua na kupika. Wagonjwa wenye nguvu kidogo waliwasaidia wasio na nguvu.

Mwaka 1951 nyumba ya pili ilianza Cornwall, kusini magharibi mwa nchi, katika majengo yaliyoachwa ya uwanja wa ndege za kivita. Taratibu utaratibu ukajitengeneza. Wenyeji wa mahali wanaunda kamati, wanatafuta jengo, wanachangisha fedha, na wao wenyewe ndio wanaoiendesha nyumba. Cheshire aliamini kwamba nyumba isiyo na wenyeji wake haiwezi kusimama, hata kama ina fedha nyingi.

Mwaka 1952 aliugua kifua kikuu. Alilazwa zaidi ya miaka miwili na kufanyiwa upasuaji mara kadhaa. Sasa ni yeye aliyelala kitandani akisubiri watu wamhudumie. Ungedhani kazi ingesimama, lakini kamati ziliendelea, na nyumba nyingine zikafunguliwa wakati mwanzilishi akiwa hospitalini. Aliendelea kuandika barua na kupanga mambo akiwa kitandani. Pia alijifunza kwa mwili wake jinsi siku inavyokuwa ndefu kwa mtu asiyeweza kuinuka.

Alipopona alikwenda India mwaka 1955, na nyumba ya kwanza nje ya Uingereza ikaanzishwa nje ya mji wa Bombay, unaoitwa Mumbai siku hizi. Kutoka hapo kazi ilienea Asia, Afrika na Amerika. Ndivyo jina lake lilivyofika Kenya, Uganda na nchi nyingine nyingi za bara letu, nyumba nyingi zikianzishwa na wenyeji wenyewe, mara nyingi wakishirikiana na makanisa.

Mume na baba

Katika kazi hizo alikutana na mwanamke aliyemfanana. Sue Ryder alikuwa ametumika wakati wa vita katika kitengo cha siri kilichofanya kazi na wapiganaji wa Poland. Baada ya vita alibaki Ulaya akiwahudumia waliotoka hai katika kambi za mateso za Wajerumani, watu waliopoteza afya, ndugu na nchi. Mwaka 1953 alianzisha shirika lake mwenyewe la misaada. Naye pia alikuwa Mkatoliki.

Walioana tarehe 5 Aprili 1959 huko Bombay. Hawakuwa na fungate ya kifahari. Walikuwa wakizunguka India kwa ajili ya kazi, na mradi wao wa pamoja ulikuwa Raphael, katika mji wa Dehra Dun chini ya milima ya Himalaya. Hapo walipokewa wagonjwa wa ukoma, watoto wasio na wazazi, na watoto wenye ulemavu wa akili.

Walijaliwa watoto wawili, wa kiume na wa kike. Familia iliishi Cavendish, kijiji cha mkoa wa Suffolk mashariki mwa Uingereza, katika vyumba vichache ndani ya nyumba ambamo shirika la Sue lilikuwa likiwatunza wagonjwa. Watoto walikua wakicheza katikati ya watu waliotoka kambi za mateso na watu wa viti vya magurudumu. Wazazi wote wawili walisafiri sana, na ni wazi kwamba familia ililipa gharama ya kazi hiyo. Lakini ndoa yao ilidumu miaka 33, kila mmoja akiwa na shirika lake na kila mmoja akiiheshimu kazi ya mwenzake.

Waliohudumiwa walipodai sauti

Habari hii isingekuwa kamili bila kueleza upande wa pili. Mwisho wa miaka ya 1950 na katika miaka ya 1960, wakazi wa Le Court yenyewe walianza kulalamika. Walishukuru kuwa na makao. Lakini kamati iliyoamua mambo yao ilikuwa ya watu wazima wenye afya kutoka nje. Wengine ndio waliowapangia saa ya kulala, ruhusa ya kutoka, na hata mfanyakazi gani abaki au aondoke.

Mmoja wa waliosimama alikuwa Paul Hunt, kijana aliyetumia kiti cha magurudumu na aliyeingia Le Court mwaka 1956. Yeye na wenzake walipigania haki ya mkazi kuwa na kauli katika nyumba anamoishi. Mwaka 1966 alihariri kitabu cha maandishi ya watu wenye ulemavu wakieleza maisha yao wenyewe. Mwaka 1972 aliandika katika gazeti kuwaita wenzake waungane. Kutokana na wito huo kikazaliwa chama cha watu wenye ulemavu kilichosema kwamba tatizo kubwa si mwili wa mtu, bali jamii inayojenga ngazi mahali pa njia na kumfungia mtu ndani kwa jina la huruma. Fikra hizo zimeenea duniani na zimeingia hata katika sheria za nchi nyingi.

Ni jambo la kutafakari kwamba moja ya harakati kubwa za haki za watu wenye ulemavu ilichipuka ndani ya nyumba ya Cheshire, ikiipinga jinsi ilivyoendeshwa. Shirika lenyewe lilibadilika polepole. Leo linahimiza zaidi mtu aishi kwao na jamaa zake, mtoto asome shule ya kijijini pamoja na wenzake, na kijana apate kazi, kuliko kuwakusanya watu katika nyumba ya peke yao.

Miaka ya mwisho

Mwaka 1981 Malkia Elizabeth wa Pili alimpa Cheshire nishani ya Order of Merit, ambayo huwa na watu 24 tu walio hai kwa wakati mmoja. Mwaka 1991 aliingizwa katika baraza la juu la Bunge la Uingereza.

Hakuacha kuwaza juu ya vita. Katika uzee wake alianzisha mfuko wa kumbukumbu ya watu wote waliokufa katika vita vya karne ya 20, akitaka zipatikane paundi 5 kwa kila aliyekufa, ili fedha hizo zisaidie watu wanaopatwa na majanga. Julai 1990, miezi michache baada ya ukuta wa Berlin kubomolewa, mwanamuziki Roger Waters, ambaye baba yake aliuawa vitani, alifanya tamasha kubwa mjini humo kwa ajili ya mfuko huo. Cheshire mwenye miaka 72 alilifungua kwa kupuliza filimbi. Fedha zilizopatikana hazikufikia hata karibu na lengo lake.

Kisha mwili wake mwenyewe ukaanza kumwacha. Alipatwa na ugonjwa usio na tiba wa mishipa ya fahamu inayoendesha misuli. Ugonjwa huo humaliza nguvu za mikono, miguu na hatimaye pumzi, huku akili ikibaki timamu. Mtu aliyewasukuma wengine katika viti vya magurudumu sasa alikaa katika kiti hicho. Alikipokea kwa sala na bila malalamiko, akisema na watu hadi alipoweza. Alifariki nyumbani kwake Cavendish tarehe 31 Julai 1992, akiwa na miaka 74, mke wake akiwa amemtunza. Katika salamu zake za Krismasi mwaka huo, Malkia alimtaja kwa heshima mbele ya taifa. Sue Ryder alifuata mwaka 2000.

Alichotuachia

Wakati Cheshire anafariki, nyumba na huduma zilizotokana na kazi yake zilikuwa zaidi ya 250 katika nchi zinazokaribia 50. Hata hivyo hakuanza na mpango wa nyumba 250. Alianza na mtu mmoja aliyekuwa anakufa, kwa sababu alitafuta wa kumpokea akamkosa.

Katika vijiji vyetu bado wapo akina Arthur. Yupo mtoto aliyefichwa chumba cha nyuma wageni wanapokuja. Yupo mzee aliyepooza ambaye jirani humletea uji asubuhi, na siku jirani akisafiri hakuna anayefika. Wapo pia wanaowahudumia kimya kimya, mama, bibi au mjukuu, bila kusaidiwa na kamati wala kanisa.

Maisha ya Leonard Cheshire yanatuonyesha mambo mawili. La kwanza ni kwamba kumpokea mgonjwa hakuhitaji kwanza fedha au cheti, bali mtu mmoja atakayekubali kuanza na majirani watakaokubali kuchangia. La pili walimfundisha wakazi wake mwenyewe: anayesaidiwa ana akili na kauli yake, na kabla ya kumpangia maisha yafaa kumuuliza anataka nini. Ukienda leo kumjulia hali mgonjwa au jirani mwenye ulemavu, peleka uji, na ukifika, kaa umsikilize.